Vidonge vya Tarumbeta

Benchi la kijiwe hiki zamani lilikuwa mlango. Mwenye nyumba alipobadilisha mlango wake, Kufuli, fundi wa kuchonga funguo, aliomba ule wa zamani, akaulaza juu ya matofali mbele ya kibanda chake, na kitasa kikabaki palepale kikiwachoma wageni makalio. Wenyeji wanajua pa kukaa. Kushoto anakaa Redio, fundi viatu, anayeshona huku akisema, na uzi ukimwishia maneno hayamwishii. Kulia anakaa Profesa, karani mstaafu wa bohari, mwenye methali kwa kila jambo, ingawa haijapata kutokea moja ikakaa mahali pake. Katikati yao ni jiko la mkaa na birika kubwa jeusi la Mama Birika, ambaye humimina kahawa na kuwanyamazisha watu kwa mkono uleule. Asubuhi hiyo kila mtu alikuwa mahali pake isipokuwa moyo wa Kufuli. Mfukoni mwa ovaroli yake alikuwa na pakiti ya vidonge, na vidonge havikuwa vyake.

Alipewa na dada yake jana alfajiri. Dada mwenyewe ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kiko ng'ambo ya barabara, na si mtu wa kulialia. Lakini jana alikuja macho mekundu, akamshindilia pakiti mkononi.

— Kaka, vichukue. Vitupe, vizike, fanya utakavyo. Mume wangu halali. Anakula kama mashine ya kusaga, halafu ananifokea mimi kwa sababu ya kijiko. Na akivikosa anatetemeka. Nimeolewa na mtu, kaka, sikuolewa na kidonge.

Kufuli hakuvitupa. Mtu wa kazi yake hatupi kitu kabla hajajua kinafungua nini. Lakini hakuvirudisha pia, kwa sababu dada ni dada. Basi siku nzima ya jana alikaa navyo, na leo tena vilikuwa mfukoni vikimkwaruza paja kila alipoinama kubana ufunguo kwenye jiriwa.

Akaona aulize kwa mbali.

— Hivi jamani, mtu akiwa hawezi kuishi bila vidonge, huyo si teja tu kama mateja wengine?

— Unamsema shemeji yako, Redio akasema, sindano mdomoni.

— Nimemtaja mtu?

— Hujamtaja. Umetazama kwake.

Shemeji mwenyewe jina lake mtaani ni Tarumbeta, kwa sababu ndiyo kazi yake: hupiga tarumbeta kwenye bendi ya arusi. Miaka kadhaa sasa kila mtu alikuwa amemwona akibadilika. Kwanza alikonda mpaka koti la bendi likamning'inia kama limetundikwa msumarini. Halafu uso ukafura. Mashavu yakawa mviringo, shingo ikajaa, macho yakabaki madogo kwa ndani, na mikono na miguu ikabaki myembamba vilevile. Kijiwe kiliona, na kijiwe hakioni kitu kikanyamaza.

— Mimi nilishasema, akaanza Redio. Yale mashavu ni tarumbeta. Upepo ukiuingiza kila Jumamosi, mwingine utakosa pa kutokea. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali ni kazi yangu, Profesa akamkata. Wewe shona. Na si upepo. Wapo wapuliza tarumbeta chungu nzima, mbona hawakufura? Yule ni mapishi. Ameoa vizuri. Penye wengi pana mengi.

— Sasa wengi wametokea wapi hapo? Nyumbani wako wawili.

— Wengi ni vyakula.

— Mtu akila mapishi mazuri ananenepa mpaka miguu, Redio akasema. Huyu miguu yake ni fito. Nawaambia, vile vidonge ni vilevile wanavyowapa kuku wa biashara. Kuku anafura wiki chache, yuko sokoni. Nilisikia kwa mtu anayefuga.

— Ulisikia kwa kuku, Mama Birika akasema.

— Cheka tu, mama! Na wenye dawa ni wajanja. Ndani ya kidonge wametia njaa. Ukila kidonge, njaa. Ukiacha, mtetemo. Kwa hiyo lazima urudi. Ni mtego, kama panya na jibini, ila hapa panya anapewa tarehe ya kurudi kliniki.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Profesa akasema kwa uchungu, na kwa mara ya kwanza methali yake ikagonga mahali, maana Kufuli aliruka kidogo akashika mfuko wake. Profesa hakujua. Akaendelea: — Ndiyo maana tukienda naye mahali anatoroka katikati ya mazungumzo. Mnakumbuka? Tunaongea, ghafla hayupo. Dawa inamwita.

— Dawa? Redio akashusha kiatu. Yule ana nyumba ndogo mtaa wa nyuma! Mtu hawezi kukimbia vile kwa ajili ya kidonge. Mbio zile ni za mapenzi.

— Shika adabu, Kufuli akasema. Unamsema mume wa dada yangu.

— Basi ni mapenzi ya kidonge. Mimi nasema dawa yake ni moja tu. Ndugu wavichukue, wavitupe chooni, wamfungie ndani atetemeke mpaka yaishe. Binamu yangu aliachishwa sigara hivyo.

— Samaki mkunje angali mbichi, Profesa akaunga mkono.

— Huyo samaki ana miaka arobaini na kitu, Mama Birika akasema. Lakini hakucheka safari hii. Alikuwa anatazama barabarani. — Mwenyewe huyo. Na hatembei vizuri.

Wote wakageuka. Tarumbeta alikuwa anakuja akiwa ameegemea ukuta wa duka la vipuri, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Alikuwa amevaa shati la kazini, limeloa jasho mgongoni, na jua lilikuwa bado halijapanda. Alipofika mbele ya kibanda alishika nguzo, akajaribu kutabasamu.

— Hamjambo. Shem, samahani. Hujaniona nikiangusha pakiti ya dawa hapa juzi? Nimepekua nyumba nzima. Jana sikunywa, leo sijanywa. Dada yako naye anasema hajaziona.

Kufuli alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, magoti ya Tarumbeta yakakunjika, taratibu, kama mtu anayechuchumaa kuokota kitu, na Redio akaruka akamdaka makwapani. Walimlaza kwenye benchi. Kitasa hakikumsumbua, hakusikia. Midomo ilikuwa myeupe.

— Maji! Mama Birika akaita, ingawa maji yalikuwa kwake. Akamimina, akatia sukari na chembe ya chumvi, akamnyanyua kichwa akamnywesha kidogokidogo kama mtoto.

Kufuli akatoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya benchi karibu na mkono wa shemeji yake.

— Nilikuwa nazo mimi, shem.

Tarumbeta alifumbua macho, akaitazama pakiti, kisha akamtazama Kufuli. Wote walingoja afoke, maana walisikia siku hizi anafoka.

— Mke wangu alikupa?

— Alinipa. Alidhani anakuokoa.

— Nisaidieni simu, Tarumbeta akasema. Kuna namba ya kliniki.

Redio akapiga, akamshikia simu sikioni. Muuguzi wa upande wa pili aliuliza maswali upesi upesi: amezimia? anatapika? amekosa siku ngapi? Kisha akasema ameze dozi yake ya leo sasa hivi, asijumlishe na ya jana, na aletwe, asingoje kesho. Mama Birika akavunja kipande cha mkate wake mwenyewe, kwa sababu Tarumbeta alimwonyesha kwa ishara kwamba tumbo tupu halikubali, halafu akameza. Profesa, bila methali, akaenda barabarani kutafuta teksi. Mama Birika akavuka kumwita dada kwenye cherehani.

Baada ya muda, rangi ikaanza kurudi kwenye midomo. Tarumbeta akajiinua, akaegemea mlango wa kibanda.

— Mlikuwa mnanijadili, akasema.

— Sisi? Redio akasema. Tulikuwa tunaongea habari za kuku.

Tarumbeta akacheka, cheko fupi lililomwumiza. Profesa alikuwa amerudi, teksi imesema inashusha abiria inakuja. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Tarumbeta akawaeleza.

— Nina vidonda kwenye utumbo mpana. Si vya chakula wala si vya kurogwa. Askari wa mwili wangu wenyewe wanaupiga utumbo wangu wakidhani ni adui. Inakuja, inatulia, inakuja tena, haiishi. Zamani nilikuwa naenda chooni mara nyingi mpaka natoa damu tupu. Mnaponiona nimekimbia, nimekimbilia choo. Mimi najua kila choo cha mji huu. Bendi ikipita mtaa, mimi sitazami maarusi, natazama milango.

Redio akainamisha kichwa, akaanza kuchunguza kisigino cha kiatu kisicho na kosa.

— Nilipopewa hivi vidonge, tumbo likatulia. Wiki ile nililia kwa raha. Nilikula wali nikalala. Nilipiga arusi nzima bila kutafuta mlango. Usiniambie ni sumu, mimi nilikuwa nakufa. Lakini vina bei yake mwilini. Uso ndio huu. Usingizi umekwenda. Njaa haishibi. Ngozi ikiguswa inachubuka, na daktari anasema hata mifupa inaliwa. Na hasira. Hiyo hasira, jamani, si yangu. Naisikia inakuja kama mtu anapanda ngazi. Nikiisikia, natoka nje nakaa uani, nisije nikamtamkia mke wangu neno lisilorudi. Siku nyingine inanishinda mbio.

— Sasa si ungeacha tu? Kufuli akauliza, kwa upole.

— Niliacha. Mwaka jana. Kiongozi wa bendi aliniambia nikae nyuma kwenye picha, nikasema basi, yatosha, nikavitupa vyote. Nilikuwa najiona shujaa. Jumamosi iliyofuata bibi arusi anaingia, nikanyanyua tarumbeta, mikono ikakataa. Nilianguka nayo. Ile kona ya tarumbeta iliyobonyea, ndiyo siku hiyo. Watu walidhani nimelewa.

— Tulidhani, Profesa akasema polepole.

— Daktari ndiye aliyenielewesha. Hiki kidonge kinafanana na kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe, kwenye vitezi vidogo juu ya figo. Bila hicho kitu mtu hasimami. Sasa ni kama bendi. Ukimleta mpigaji wa kukodi, akapiga kwa nguvu kila siku, wapigaji wako wa nyumbani wanaweka vyombo chini, wanasinzia. Ukimfukuza yule wa kukodi ghafla, katikati ya arusi, kimya. Hakuna anayepiga. Inabidi apunguze sauti kidogokidogo, wale wa nyumbani washtuke mmoja mmoja, watafute vyombo vyao. Mimi ndiyo niko hapo. Napunguza. Nilianza na rundo, sasa nimebaki na kimoja na nusu. Kila nikipunguza viungo vinauma kama nimepigwa marungu, nachoka, nasikia huzuni isiyo na sababu. Halafu kunapoa. Halafu napunguza tena.

— Na unapiga arusi hivyohivyo? Redio akauliza.

— Nitakula nini? Tena nikipiga nasahau.

Redio alimtazama yule mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa amemfanya kuku. Alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola.

— Mimi jino likiniuma, akasema, nafunga kibanda siku mbili.

Dada alikuwa amekwisha fika. Alisimama nyuma ya Mama Birika, futi ya kupimia nguo bado shingoni, na alikuwa amesikia mengi. Hakupita kuja mbele mpaka mumewe alipomwona.

— Kwa nini hukuniambia habari ya kuanguka? akasema. Uliniambia uliteleza.

— Niliona aibu.

— Na uani? Mimi nilidhani unatoka kwa sababu hutaki kuniona.

— Nilikuwa natoka ili uendelee kutaka kuniona mimi.

Dada akakaa kwenye benchi, juu ya kitasa, wala hakushtuka.

— Nimetaka kukuua, akasema.

— Ulitaka nipone. Nami sikukupa cha kujua. Ungejuaje?

— Usinitetee. Nikasirikie.

— Leo sina nguvu, Tarumbeta akasema. Nitakukasirikia kesho.

Wakacheka wote wawili, dada akifuta macho kwa ncha ya futi. Teksi ikapiga honi. Kufuli akafunga kibanda bila kuulizwa, akamshika shemeji upande mmoja, dada upande wa pili, wakaenda kliniki watatu.

Kule kliniki hawakumlaza. Walimpima, wakamtia maji ya mshipani, wakamweka chini ya uangalizi mpaka alasiri. Daktari hakumgombeza dada. Alimvutia kiti, akamweleza yote upya kama mtu wa nyumba, na akampa kazi: yeye ndiye atakayekata vidonge. Ilikuwa kazi ya mkono wake hasa. Mtu anayekata kola za mashati haoni shida kugawa kidonge katikati bila kukivunja. Kila asubuhi alikata, akakiweka kando ya mkate, na wakakubaliana kwamba hasira ikipanda ngazi, Tarumbeta aseme tu «inakuja», naye dada ajue si yeye anayefokewa. Daktari akaongeza na dawa nyingine ya kushika utumbo wakati ile ya kwanza inaondoka, dawa inayokwenda polepole, isiyofurisha mtu.

Isidhaniwe njia ilinyooka. Katikati ya safari, alipofika nusu kidonge, damu ilirudi. Daktari akamrudisha juu kidogo, na miezi ya kupunguza ikawa kama haikuwa. Siku hiyo Tarumbeta alikuja kijiweni akakaa. Mama Birika alimpa kikombe chake cha maji ya moto, maana kahawa utumbo wake hauipendi. Hakuna aliyemuuliza kitu wala kumpa dawa ya mizizi. Redio alikuwa na mizizi, alikuwa ameileta kabisa kwenye karatasi. Aliitazama, akairudisha chini ya sanduku la viatu. Mwishoni Profesa akasema:

— Asiyejua maana haambiwi maana.

— Inahusiana nini? Kufuli akauliza.

— Haihusiani. Nimetaka tu kusema neno.

Tarumbeta akacheka mpaka akamwaga maji. Kesho yake akaanza kushuka upya, kutoka juu, kipande kwa kipande, kama mtu ambaye nguo yake imefumuka yote, akaketi kuishona tena. Kufuli alikuwa akimwangalia akipita asubuhi, koti begani, tarumbeta kwapani, anatembea kama mzee siku za maumivu na kama kijana siku za nafuu, na siku zote anatembea. Kufuli amefungua makufuli ya kila aina maishani mwake. Mengi yanafunguka kwa nguvu au kwa ujanja. Hakuwahi kuona mtu akifungua kitu kwa subira tupu, na kitu chenyewe ni mwili wake.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka kabla ya asubuhi ambayo dada hakukata kitu. Aliweka mkate peke yake mezani. Waliutazama, wakaula, na kila mmoja akaenda kazini kwake akiwa na hofu. Kesho yake vilevile. Vitezi vilikuwa vimeamka. Daktari alivipima akathibitisha. Kidogokidogo shingo ikaonekana, kisha taya, kisha macho, na siku moja mteja wa Redio akauliza yule kijana aliyepita ni nani.

Juzi binti wa Mama Birika aliolewa, na Mama Birika akasema bendi lazima ipite mbele ya birika lake. Ikapita. Tarumbeta alikuwa mbele kabisa, safu ya kwanza, kona iliyobonyea ya tarumbeta ikimeta, anapiga sauti ndefu mpaka watu wa maduka wakatoka na kalamu masikioni. Alipofika kwenye benchi alisimama, akageuka kwa mkewe aliyekuwa mlangoni pa chumba chake cha kushonea, akampigia yeye peke yake kipande kizima, na bendi nzima ikamngoja. Redio alipiga makofi na kiatu cha mteja mkononi. Profesa alilia wazi, na alipotafuta methali hakuipata.

Mgeni mmoja alikuwa amesimama kwenye kibanda, amekuja kuchonga ufunguo. Alikuwa amehadithiwa kisa chote na Redio alipokuwa akingoja zamu, habari za kuku zikiwa zimeachwa. Alimtazama Tarumbeta akipotea kwenye kona ya barabara, sauti bado inakuja.

— Kwa hiyo amepona? akauliza.

Redio akafungua mdomo. Akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Mama Birika, naye Mama Birika akainua birika, akalitikisa, akaliweka chini. Ugonjwa ule haupo na haujaondoka. Dawa ya pili anaimeza kila siku, na mpaka leo bado anajua kila choo cha mji. «Leo anapiga,» Kufuli akamjibu, maana mgeni alikuwa ameuliza kwa moyo mweupe. Kisha akauchukua ufunguo wa mgeni, akaubana kwenye jiriwa, akashika tupa, na kabla hajaanza kuchonga akangoja kidogo ile sauti ipite.